Maswali kwa Bwana Nyuki: Bumba Mwembeni, Dawa Shambani na Mizinga ya Babu

Tangu mwaka 2018 dunia huadhimisha Siku ya Nyuki kila tarehe 20 Mei. Nchi ya Slovenia ndiyo iliyoliomba jambo hilo, Umoja wa Mataifa ukaliridhia Desemba 2017, na tarehe hiyo ya Mei ikahusishwa na Anton Janša, Mslovenia wa karne ya 18 aliyefundisha ufugaji nyuki mjini Vienna. Katika safu hii maadhimisho hayo yana matokeo mamoja ya wazi: barua huongezeka. Nyingi huuliza bei ya asali, na hizo nimeziweka kando kwa sasa. Nimechagua zinazouliza habari za nyuki wenyewe.

Bwana Nyuki, shikamoo. Juzi mchana nyuki wengi kupita kiasi walitua kwenye tawi la mwembe nyuma ya nyumba yetu, wakashikamana hadi wakaonekana kama ndevu nene. Jirani alikuja na chupa ya petroli na matambara, akasema wachomwe usiku kabla hawajaua mtoto. Nilimkatalia, lakini usiku huo sikulala. Kesho yake saa tano asubuhi walikuwa wameondoka wote. Je, nilikosea kumkatalia? Na wakirudi nifanye nini? — Mama wa watoto watatu, Mbagala, Dar es Salaam

Marahaba, mama. Hukukosea hata kidogo, na ningependa jirani yako aisome barua hii.

Ulichokiona huitwa bumba. Kundi la nyuki linapostawi na mzinga kuwa mdogo, malkia wa zamani huondoka na sehemu kubwa ya nyuki vibarua, akawaachia waliobaki nyumba, chakula na malkia mpya anayekaribia kutoka katika kijumba chake. Wanaoondoka hutua mahali pa muda, mara nyingi kwenye tawi, na kutoka hapo huwatuma wapelelezi kutafuta tundu la mti, mwanya wa mwamba au mzinga mtupu. Mpelelezi aliyepata mahali pazuri hurudi na kucheza juu ya migongo ya wenzake, na katika mchezo huo mwelekeo wa mwili wake huonyesha upande wa kwenda, na muda wa kutikisika kwake huonyesha umbali. Karl von Frisch, aliyeifumbua lugha hiyo kwa kuwatazama nyuki wanaotafuta chakula, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Kwa hiyo usiku ule ambao hukulala, nyuki walikuwa wametulia wakisubiri jua ili wamalize mkutano wao, na mkutano ulipokubaliana wakaondoka.

Bumba la namna hiyo kwa kawaida ni pole kuliko nyuki wa mzingani, kwa sababu halina masega, asali wala majana, yaani watoto wa nyuki, ya kulinda, na kila nyuki ameshiba asali aliyoibeba tumboni kwa ajili ya safari. Nasema kwa kawaida, kwa kuwa nyuki wetu wa Afrika huhama pia kwa njaa, ukame au kusumbuliwa, na msafiri mwenye njaa si wa kutaniwa. Hivyo wakirudi, waingize watoto ndani, wafungue mbuzi na mbwa waliofungwa karibu, kwa maana mnyama aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia, kisha waache nyuki. Usiwarushie mawe, usiwamwagie maji, usiwashe moto chini yao. Zikipita siku mbili wangali pale, au ukiona wanaingia darini au katika tundu la ukuta, mwite afisa nyuki wa halmashauri yako au mfugaji mwenye mavazi na mzinga. Mfugaji wa kweli atashukuru, kwa kuwa umempa kundi bila gharama. Baada ya hapo ziba mianya ya dari kwa wavu wa matundu madogo, kwa sababu wakishajenga masega ndani ya dari kazi ya kuwatoa huwa nzito zaidi.

Kuhusu petroli, nimeshuhudia matokeo yake. Nyuki mia kadhaa huungua, maelfu hutoka gizani wakiwa na hasira, na nyumba yenyewe huwa hatarini kuungua. Ukali huo wa nyuki wetu si tabia mbaya waliyoizua. Wameishi katika nchi ya siafu, nyegere na binadamu mwenye mwenge, na kundi lisilojua kujitetea halikuacha wajukuu. Mwaka 1956 mwanasayansi Warwick Kerr alipeleka malkia wa Kiafrika nchini Brazil kwa ajili ya uzalishaji; mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na uzao wa nyuki hao ukasambaa hadi Marekani, ambako magazeti yaliwaita nyuki wauaji. Huku kwetu ni nyuki tu.

Wakikushambulia, kimbia moja kwa moja ukiufunika uso, uingie ndani ya nyumba au gari na ufunge. Usiwapige kwa mikono na usijitumbukize majini, maana watakusubiri juu. Mwiba unapobaki mwilini huendelea kusukuma sumu na kutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wengine. Ukwangue upesi kwa ukucha bila kuchagua namna ya kuushika, kwa kuwa kinachodhuru ni kuchelewa. Aliyeumwa na nyuki wengi, au anayevimba midomo na kupumua kwa shida hata kama ni mwiba mmoja, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Ndugu mshauri, mimi nalima ekari sita za alizeti. Jirani yangu ameweka mizinga zaidi ya ishirini mpakani. Alizeti yangu ikichanua, nyuki wake wanajaa wananyonya, na mwaka jana nilivuna mapepe mengi, yaani mbegu tupu. Nimemwambia nyuki wake wananinyonyea mafuta. Yeye ananilaumu kwamba dawa yangu ya kuua funza imewaua nyuki wake. Nani ana haki? — Mkulima, Iramba, Singida

Ndugu mkulima, kwa shtaka lako la kwanza jirani hana hatia, na ninaogopa kwamba kwa shtaka lake wewe unayo. Niruhusu nieleze kwa kirefu, kwa sababu kesi kama yenu nimeisuluhisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara ilianza na neno hilo la kunyonywa mafuta.

Kichwa cha alizeti unachokiita ua moja ni mkusanyiko wa viua vidogo, mamia na pengine zaidi ya elfu, na kila kiua kikifanikiwa huwa mbegu moja. Hufunguka kwa mistari kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kwa muda wa wiki moja au zaidi. Kila kiua huanza kwa kutoa chavua, yaani huwa dume kwanza, kisha siku inayofuata sehemu yake ya kike hujitokeza kupokea chavua. Kwa mpangilio huo kiua hakijihudumii kwa urahisi. Kinahitaji mjumbe atakayetembea juu ya kichwa, na kutoka kichwa hadi kichwa, akiwa na manyoya yenye vumbi la njano. Chavua ya alizeti ni nzito na inanata, kwa hiyo upepo, unaotosha kabisa kwa mahindi na mtama, hausaidii sana hapa. Nyuki anachochukua ni mbochi, maji matamu ambayo mmea umeyatengeneza kwa makusudi ya kumlipa, pamoja na sehemu ya chavua. Mafuta huja baadaye ndani ya mbegu, wakati nyuki ameshasahau shamba lako. Pepe mara nyingi ni kiua ambacho hakikupata mgeni, ingawa ukame wakati wa kujaza mbegu na udongo uliochoka huleta mapepe pia. Ziko mbegu chotara za kisasa zinazojichavusha vizuri kuliko zile za zamani, lakini hata hizo huongeza mavuno zikitembelewa.

Ukitaka kuthibitisha bila kunitegemea mimi, chukua vichwa vitano kabla havijafunguka, uvifunike kwa mifuko ya wavu mwembamba usiopitisha nyuki, uviache hivyo hadi viua vyote vinyauke, kisha vuna na upime pamoja na vichwa vitano vya jirani vilivyoachwa wazi. Fanya wewe mwenyewe, na mwite jirani yako siku ya kupima.

Sasa dawa. Hukusema unapuliza saa ngapi, lakini wakulima wengi hupuliza asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa sababu ni saa nzuri kwa mpulizaji. Kwa bahati mbaya ni saa ambayo nyuki huwa wengi zaidi shambani. Dawa ya funza haimtambui funza. Humuua mdudu yeyote inayemgusa, na nyuki asiyefia palepale huipeleka mzingani pamoja na chavua, ikalishwa majana. Za unga na zile za chembe ndogo ni mbaya zaidi, maana hushikamana na manyoya ya nyuki kama chavua yenyewe. Ziko pia zinazopakwa kwenye mbegu na kupanda na mmea hadi kwenye ua. Tatu za kundi hilo, imidacloprid, clothianidin na thiamethoxam, Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Soma jina la kiambata kwenye kopo lako, si jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Ninachokuomba ni hiki. Kagua shamba kabla ya kununua dawa, kwa sababu wengi hupuliza kwa kalenda na si kwa funza. Kama ni lazima kupuliza, fanya kabla alizeti haijachanua. Ikishachanua na ukaona huna budi, subiri jua lizame na nyuki warudi, chagua dawa inayoisha nguvu upesi, angalia upepo usielekee mpakani, na umwarifu jirani siku moja kabla ili aweze kuziba milango ya mizinga usiku huo kwa wavu unaopitisha hewa na kuifungua asubuhi. Asiifunge mchana kutwa, maana nyuki hulea majana katika joto la nyuzi 34 hadi 35, na mzinga uliofungwa juani hupitiliza kiwango hicho mara moja na masega kuanguka.

Jambo moja zaidi, ambalo halimo katika barua yako lakini lazima lipo shambani. Dawa ya magugu. Ile mipaka mnayoiunguza hadi ikawa vumbi ndiyo iliyokuwa ikiwalisha nyuki kabla alizeti haijachanua na baada ya kukauka. Alizeti ni karamu ya wiki tatu. Kundi la nyuki hula miezi 12. Acheni ukanda wa magugu yenye maua mpakani, hata wa hatua mbili tatu. Nimewahi kuona mabwana wawili waliokuwa karibu kupelekana mahakamani wakigawana ndoo ya asali kila msimu badala ya kodi ya mpaka, na mkulima ndiye aliyekuwa akiuliza kama mizinga haiwezi kuongezwa.

Shikamoo mzee. Babu yangu ana mizinga ya magome zaidi ya mia moja porini. Nimesoma kwamba mizinga hiyo inaharibu misitu. Nilipomwambia anunue mizinga ya kisasa aliniuliza, "Wewe umerina asali mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Nimsaidieje? — Kijana, Sikonge, Tabora

Marahaba, kijana wangu. Swali la babu yako ni zuri kuliko lako, na hoja yako kuhusu misitu ni ya kweli. Kwa hiyo nyote wawili mna haki, na kazi ni kuwakutanisha.

Tuanze na kosa la gome. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Mti unapovuliwa gome kuuzunguka, mizizi hukosa chakula na mti hufa taratibu, wakati mwingine baada ya misimu kadhaa, ndiyo sababu mvuaji gome hauoni ukifa. Na mti unaovuliwa vizuri ni wa miyombo, kama mtundu, ambao maua yake ndiyo yaliyoipa Tabora asali yake. Mzinga mmoja hugharimu mti mmoja, na wenyewe hudumu miaka michache tu. Hesabu mizinga mia moja, kisha ujiulize nyuki wa mzinga wa mia na moja watakula wapi.

Lakini mzinga wa sanduku si uchawi. Nimeona mizinga mipya ya mradi iliyobaki mitupu miaka mitatu na mwishowe ikawa viota vya kutagia kuku. Sababu ilikuwa ile ile: iliwekwa mahali palipokwisha maua na maji, na mtu aliyepewa hakufundishwa kitu. Babu yako anajua mti upi unachanua mwezi gani, njia ya nyegere, kisima kisichokauka, na jinsi ya kutundika mzinga ili kundi lijiingize lenyewe. Elimu hiyo hainunuliwi pamoja na mbao.

Mzinga ninaoupendekeza kwa mtu anayeanza kuhama kutoka gome ni ule wenye vibao vyembamba vilivyopangwa juu, ulioenea kutoka Kenya miaka ya 1970. Kila kibao hubeba sega moja, kwa hiyo unaweza kulitoa moja bila kuyavunja mengine. Fundi ahakikishe upana wa kibao ni milimita 32, kwa kuwa hiyo ndiyo nafasi ambayo nyuki wetu huijenga wenyewe. Akitumia kipimo cha nyuki wa Ulaya, ambacho ni kikubwa zaidi, nyuki watajenga masega ya kukatana na faida yote itapotea. Mzinga wa gogo lililochongwa kutoka mti ulioanguka nao si wa kudharauliwa; hudumu miaka mingi kuliko gome.

Kinachowaangamiza nyuki kuliko umbo la mzinga ni namna ya kurina. Anayepanda usiku na mwenge wa moto huunguza nyuki, pengine malkia pamoja nao, na cheche zikianguka kwenye nyasi za kiangazi msitu huwaka. Tumieni bomba la moshi, kile kifaa cha kupulizia moshi mzingani. Moshi huifunika ile harufu ya hatari niliyoitaja kwa mama wa Mbagala, na pia huwafanya nyuki wajaze matumbo asali kana kwamba wanajiandaa kukimbia, wakapunguza ukali. Chukueni masega yaliyofunikwa nta nyeupe tu. Yenye majana yarudishwe, na sehemu ya asali iachwe, kwa sababu kundi la Kiafrika likikuta ghala tupu halikai kuomboleza, huhama. Wengi hulaumu wachawi kwa mizinga iliyohamwa siku chache baada ya kukomba kila sega.

Basi usimpelekee babu hotuba. Mwombe akuchukue porini msimu mzima, ubebe mizigo na urine naye. Kisha tengeneza mizinga miwili tu ya vibao, umwombe akuchagulie miti ya kuitundikia. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapohapo Tabora. Nenda ukaulize kuhusu mafunzo. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 inatambua hifadhi za nyuki, na kijiji chenu kinaweza kuuliza halmashauri jinsi ya kutenga sehemu ya pori lake kwa kazi hiyo kabla halijawa shamba la tumbaku, ambayo majiko yake ya kukaushia hula miti hiyo hiyo.

Mzee, hujambo. Huku kwetu Taita ndovu wanamaliza mahindi usiku mmoja. Tumesikia mizinga inaweza kuwafukuza. Ni kweli ama ni hadithi? — Msomaji, Voi, Kenya

Sijambo, ndugu. Ni kweli, na ushahidi hauko mbali na kwenu. Ndovu, au tembo kama tunavyosema huku, ana ngozi nene lakini nyuki humuuma kuzunguka macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga, na haisahau siku hiyo. Watafiti walioshughulikia jambo hili nchini Kenya, akiwemo Lucy King, walianza kwa kuwasikilizisha ndovu sauti ya nyuki wenye hasira iliyorekodiwa, nao wakakimbia wakitikisa vichwa. Kisha ukabuniwa uzio wa mizinga: nguzo huzunguka shamba, mizinga hutundikwa kila baada ya meta kumi hivi, na waya huiunganisha yote, ndovu akiusukuma waya mizinga inatikisika. Baina ya mizinga ya kweli huweza kutundikwa vibao vyenye umbo la mzinga ili kupunguza gharama, kwani ndovu hasimami kuhesabu. Katika mashamba ya Sagalla, karibu na Voi, yaliyofuatiliwa kwa miaka, takribani ndovu wanne kati ya watano waliokaribia uzio hawakuingia.

Nakuonya jambo moja. Baada ya ukame mkali wa mwaka 2017 idadi ya mizinga yenye nyuki huko Sagalla ilishuka sana na ilichukua miaka kurudi, na mzinga mtupu hauwezi kumtisha ndovu aliyewahi kuutikisa. Kwa hiyo anayejenga uzio apande pia miti ya maua na aweke maji karibu, kivuli kidogo juu ya kila mzinga, na grisi kwenye nguzo kuzuia siafu. Bila hayo umejenga ua wa masanduku.

Bwana Nyuki, asali niliyonunua imeganda kama sukari. Nimeibiwa? Njia ya kuwasha kiberiti kilichochovywa asali inafaa? — Msomaji, Morogoro

Hujaibiwa kwa sababu hiyo. Asali nyingi halisi huganda, na kasi yake hutegemea ua ilikotoka na baridi ya mahali. Iweke chupa katika maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, itarudi. Kiberiti, na hata kuidondosha asali katika glasi ya maji, havithibitishi kitu: sharubati nzito ya sukari hufaulu mitihani hiyo na asali halisi yenye maji mengi hufeli. Kiwango cha kimataifa hakitaki maji yazidi asilimia 20, nayo hupimwa kwa kifaa. Nunua kwa mtu unayemjua mizinga yake. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, iwe halisi kiasi gani, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba, sina shamba wala fedha ya mzinga. Methali inasema fuata nyuki ule asali, lakini mimi nataka nyuki wenyewe wasiishe. Kuna ninaloweza kufanya? — Mwanafunzi, Chake Chake, Pemba

Waalaykum salaam, mwanangu. Umenifurahisha, kwani katika barua zote za mwezi huu ni yako pekee isiyotaka kitu kutoka kwa nyuki. Nianze kwa kukuondolea huzuni ya mzinga: kufuga na kuhifadhi si jambo moja. Anayeweka mizinga kumi mahali penye maua ya mizinga mitatu ameongeza wenye njaa saba, na amewanyang'anya pia nyuki wadogo wasiouma na nyuki wa porini wanaoishi peke yao ardhini na kwenye vijiti, ambao hakuna anayewaandikia barua ingawa huchavusha pia.

Wewe uko kisiwa chenye mikoko. Maua ya mikoko ni malisho mazuri, na iko asali ya mikoko inayojulikana Zanzibar, kwa hiyo kila siku unayojiunga na wanaopanda mikoko badala ya kuipita ikikatwa kuni, umewalisha nyuki kuliko mwenye sanduku la rangi. Hapo nyumbani muombe mwenye nyumba akuruhusu kupanda mrehani kwenye makopo na uuache uchanue badala ya kuukata kila unapoanza kutoa maua, na kama kuna nafasi ya mti mmoja, panda mlonge, ambao huchanua muda mrefu wa mwaka. Ukiona majirani wanataka kupuliza dawa ya mbu juu ya maua mchana, omba wasubiri magharibi.

Na utege maji. Watu wengi hulalamika kwamba nyuki wanaingia jikoni au wanajaa bombani, na wanachokitafuta ni maji ya kunywa na ya kupoza mzinga. Chukua sahani pana, ujaze changarawe hadi zitokeze juu ya maji ili wapate pa kusimama, kwa sababu nyuki huzama upesi katika ndoo. Iweke kivulini, mbali na mlango na mahali pa kufulia. Maji uyabadilishe kila siku ili mbu wasizae, na usianze katika wiki ambayo utasafiri, kwa kuwa nyuki wakishaijua sahani hurudi palepale kila asubuhi, na wakiikuta kavu wataenda kwenye bomba la jirani. Ukienda likizo mkabidhi mwenzako jagi.